Farasi wa Pomona Hawakustahili Kukabidhiwa Jeshi

Lawama za yaliyowapata farasi wa Kiarabu wa Pomona, California, zimezoea kutupiwa jeshi, na hapo ndipo uchambuzi mwingi unapopotoka. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilifanya lifanyalo kila jeshi wakati wa vita: lilipokea kilichotolewa. Aliyekosea ni mtoaji. Wakuu wa Chuo Kikuu cha California walikuwa na programu kamili ya farasi wa Kiarabu, yenye ardhi, mazizi, madume, majike na vitabu vya nasaba, wakaihamishia yote Wizara ya Vita. Wangeweza kuikodisha. Wangeweza kuiazimisha hadi amani irudi. Walichagua kuhamisha umiliki, na tangu siku hiyo hatima ya farasi wale ikawa mikononi mwa maofisa ambao ufugaji wa damu safi haukuwa kazi yao.

Wanaofuatilia mambo haya wanakumbuka mali ile ilivyopatikana. W. K. Kellogg, tajiri wa nafaka za kifungua kinywa, alinunua ardhi Pomona mwaka 1925, na mwaka uliofuata akaleta farasi kutoka Crabbet, Uingereza, zizi lililoanzishwa na Lady Anne Blunt na mumewe na ambalo wakati huo lilikuwa chini ya binti yao, Lady Wentworth. Katika kundi hilo alikuwamo dume Raseyn, mtoto wa dume mashuhuri Skowronek. Mwaka 1932 Kellogg alikitunuku chuo ekari 750, farasi 87 na mfuko wa dola 600,000, kwa masharti: uzalishaji wa farasi wa Kiarabu uendelee, na maonyesho ya Jumapili kwa umma yasikome. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa hiyo ni mali ya namna gani. Ni mali ya wakfu, na msimamizi wa wakfu hana ruhusa ya kuigawa kwa sababu tu jirani ana shida. Kwa miaka 11 chuo kiliyaendesha maonyesho na kufundisha bila dosari kubwa. Hilo nalikubali na kuliacha hapo.

Tazameni sasa hesabu ya mimba, maana ndiyo wakuu wa vyuo hawaipendi. Farasi jike hubeba mimba takriban miezi 11 na huzaa mtoto mmoja. Jike aliyepandishwa mwaka 1932, chuo kilipoanza kazi, alizaa 1933. Binti yake hakufaa kupandishwa kabla ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo mjukuu alizaliwa karibu 1937 au 1938, na huyo naye hakuweza kuwekewa tandiko na kupimwa miguu, pumzi na tabia kabla ya 1941 au 1942. Dume hapimwi kwa uzuri wa shingo yake, hata picha zake zikipendeza namna gani. Hupimwa kwa mabinti zake na kwa wanachozaa wao, na ndiyo maana sichoki kusema kwamba programu ya farasi ni majike yake. Madume ni mapambo ya ukutani. Basi mwaka 1943 ndio kwanza majibu ya uamuzi wa kwanza wa chuo yalikuwa yanaanza kusomeka uwanjani. Kiongozi aliyeelewa kazi yake angejua kwamba huo ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote wa kuachia kamba.

Wapo watakaosema kulikuwa na vita, na nani angekataa? Hoja hiyo ingesimama kama jeshi lingekuwa na haja ya farasi wale. Shambulio la mwisho la askari wapanda farasi wa Marekani lilifanyika Ufilipino Januari 1942, na muda si mrefu farasi wa kikosi hicho wakachinjwa kulisha askari waliozingirwa Bataan. Mwaka huohuo wa 1943, Divisheni ya Kwanza ya wapanda farasi ilishushwa kwenye farasi wake na kupelekwa Pasifiki kama askari wa miguu. Isitoshe, idara ya jeshi iliyoshughulikia farasi ilitegemea zaidi madume wa aina ya mbio kwa ajili ya kuzalisha farasi wa askari. Kuilinda damu ya Crabbet halikuwa lengo lake. Lakini jibu zito zaidi liko ndani ya chuo chenyewe. Mwaka 1943 kampasi yake ya Davis ilichukuliwa na kikosi cha mawasiliano cha jeshi, masomo yakasimama, kisha vita vilipoelekea ukingoni ikarudi chuoni. Uongozi ni uleule, jeshi ni lilelile, mwaka ni uleule. Davis iliazimwa, Pomona ikatolewa. Hapo vita haviwezi kuwa kisingizio. Kilichopungua ni thamani ya farasi machoni pa wakuu.

Wengine hujitetea kwa kusema Kellogg mwenyewe aliridhia. Ni kweli, aliridhia, akiwa mzee wa miaka 83, nchi yake ikiwa vitani. Ridhaa hiyo inaonyesha uzalendo wake. Haimwondolei msimamizi wajibu wa kumwambia mtoaji: mzee wetu, tuwape kwa muda, tuandikiane, majike na vitabu vibaki chini ya wataalamu wetu.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1948 jeshi liliachana na shughuli za farasi, Pomona ikaangukia Wizara ya Kilimo, na wizara ikaona njia rahisi ni kuwauza. Serikali ya Marekani ilikwisha kufanya hivyo na farasi wa Kiarabu zamani: wawili aliowapeleka Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, kwa Rais Van Buren mwaka 1840, katika jahazi la Sultana chini ya Ahmad bin Naaman, waliishia kwenye mnada. Safari hii umma ulipiga kelele, na taasisi ya hisani ya Kellogg ikaingilia kati. Hata hivyo Witez II, dume wa Kipolandi aliyeletwa Pomona baada ya vita, alinadiwa mwaka 1949. Na mwaka 1948 huohuo ndipo chuo kilipofungua shule yake ya udaktari wa mifugo, Davis. Wanafunzi wa udaktari walipata shule mpya wakati kundi bora la farasi ambalo chuo kiliwahi kumiliki likitafutiwa mnunuzi.

Linganisheni na Vermont. Joseph Battell alitoa shamba la Weybridge kwa serikali mwaka 1907 kwa ajili ya farasi wa Morgan. Serikali ilipochoka nalo mwaka 1951, Chuo Kikuu cha Vermont kililipokea. Chuo kile kilikwenda kuchukua kile ambacho serikali inakiacha, wakati California ilikwenda kuiachia serikali kile ilichopewa kukitunza. Na Pomona iliokolewa na Julian McPhee, mkuu wa California Polytechnic, chuo cha kazi za mikono ambacho wakubwa wa Chuo Kikuu cha California hawakukihesabu. Mwaka 1949 alipokea ardhi na farasi waliobaki, pamoja na lile sharti la kuendelea kuwatunza, na akalitimiza. Anayeongoza programu ya aina hii leo, akiombwa farasi wake na yeyote, aandike mkataba wa kuazimisha wenye tarehe ya kurudisha, na vitabu vya nasaba asivitoe ofisini.