Braketi Isiyong'oka Ovyo

Kwa mkazi wa Msimbati, kando ya Ghuba ya Mnazi, braketi, kile kitako kidogo cha kupangia meno kinachobandikwa jinoni, ikibanduka huenda ikamlazimu kumfuata daktari bingwa wa kupanga meno hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Ndiyo maana kazi ya kuibandika ikaguliwe mgonjwa akiwa bado kitini.

Zamani, badala ya kubandika, kila jino lilivishwa pete ya chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kuwa asidi ya fosforiki huiwezesha enameli, tabaka gumu la nje la jino, kushikana na resini, aina ya gundi. Leo pete zimebaki hasa kwenye magego. Asidi ya asilimia 37 hupakwa kwa sekunde 15 hadi 30, jino likasuuzwa na kukaushwa. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Jino lililoiva kwa gundi hupoteza mng'ao, likawa jeupe kama chaki. Likiendelea kung'aa, asidi haijafanya kazi. Likiguswa na mate, hatua hiyo irudiwe. Gundi ya bei kubwa haiokoi jino lililolowa.

Aliyekulia Arusha au Kilimanjaro, kwenye maji yenye floridi nyingi, amweleze daktari mapema, kwani enameli yenye madoa ya kahawia hustahimili asidi na aghalabu huhitaji muda mrefu zaidi.

Braketi huwekwa moja moja kwa mkono, au hupangwa kwanza juu ya kielelezo cha meno kisha zikahamishwa pamoja kwa trei. Trei hupunguza muda wa kitini na husaidia meno ya nyuma, lakini inadai maabara, na ikikaa upande kosa huhamia meno mengi kwa mpigo. Kwa uimara haina ushindi wa wazi dhidi ya mkono uliozoea. Tena, braketi moja ikidondoka baadaye, kwa kawaida hurudishwa kwa mkono.

Mate yasipozuilika, saruji ya glasi ayonoma huvumilia unyevu na hutoa floridi, ingawa mara nyingi mshiko wake ni hafifu kuliko wa resini. Mshiko mkali kupita kiasi nao si sifa: tiba ikiisha, braketi itoke bila kumega enameli.

Kisha kioo kiombwe. Braketi ikae katikati ya jino, imefuata wima wake, bila gundi iliyovuja pembeni. Gundi hiyo hunasa uchafu na kuacha madoa meupe. Kabla ya taa ya bluu inayoigandisha, huondolewa kwa sekunde chache; ikishakuwa ngumu hudai keekee. Na kabla ya kupanda basi la Mtwara, mgonjwa aulize ni daktari gani wa meno huko anayeweza kubandika upya braketi itakayobanduka, kwa sababu korosho za kukaanga zitamsubiri nyumbani.