Reli ya Uganda kwa Kalamu ya Asiyeipanda

Mwandishi wa Kibengali Bibhutibhushan Bandyopadhyay hakuwahi kukanyaga Afrika. Hata hivyo, mwaka 1937 alichapisha Chander Pahar, yaani Mlima wa Mwezi, riwaya ya vijana ambayo Wabengali hawajaiweka chini hadi leo. Sura zake za mwanzo ziko huku kwetu. Shankar, kijana wa kijijini aliyekuwa akisubiriwa na kazi ya kiwanda cha juti, anakuja kuajiriwa Reli ya Uganda mwaka 1909 na kuishia kuwa stesheni masta wa kituo cha upweke, nyika pande zote, simba wakinguruma usiku.

Hayo aliyatoa vitabuni. Mmoja wa waandishi aliowategemea ni Harry Johnston, yule mtawala wa Kiingereza. Lakini kitabu hakikupi tukio. Tazama usiku wa koboko. Shankar anazinduka, anawasha tochi: nyoka amesimama jirani na kitanda. Mwanga umemduwaza. Ukiyumba tu, kijana amekwisha. Bara zima ambalo mwandishi halijui linabanwa ndani ya chumba kimoja, tochi moja, mkono mmoja unaoanza kufa ganzi. Na mkono uliokufa ganzi kila msomaji anaujua, awe Kolkata au Voi.

Njia hiyo ya kubana dunia ndani ya kitu kimoja aliianza nyumbani. Katika Pather Panchali (1929), treni ni hamu ya watoto wawili maskini, Apu na dada yake Durga. Wengi wanakumbuka filamu ya Satyajit Ray ya 1955 iliyotokana na riwaya hiyo, ambamo watoto hao wanaiona. Riwayani Durga anakufa hajaiona. Miaka minane baadaye, mwandishi yuleyule anampa kijana mwingine reli nzima.

Misitu nayo hakuisoma tu. Miaka ya 1920 alisimamia mashamba ya mwinyi mmoja huko Bhagalpur, Bihar, kwenye mapori yaliyomzalia riwaya ya Aranyak (1939). Nashuku miti mingi ya Shankar ilichipukia huko.

Anapojikwaa ni pale anapoyaacha macho yake na kufuata ramani. Richtersveld, anakompeleka Shankar baadaye, anaivika msitu mnene. Ile halisi, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, ni milima mikavu, mawe na jua. Zimwi analoliweka humo, banyipu, ni la hadithi za wenyeji wa Australia. Mimi namsamehe zimwi. Msitu ule, hapana: kurasa zake ni nyingi, na hakuna hata moja inayonibana pumzi kama ile tochi.