Upana wa Boriti: Jinsi Maduka ya Mji Mkongwe Yalivyojengwa na Yanavyobadilishwa

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukitoka Darajani ukapita Changa Bazaar, ukashika Hurumzi mpaka ukatokea Gizenga, bidhaa hubadilika kila baada ya hatua chache. Kanga na vitenge, ndoo za plastiki, kisha viungo vilivyofungwa katika pakiti ndogo, vinyago, picha za tingatinga, vito, aiskrimu. Kisichobadilika sana ni upana wa fremu. Ni kama mita tatu, pengine pungufu kidogo, kisha ukuta, kisha fremu nyingine. Hakuna mpima ardhi aliyepanga hivyo. Kipimo kiliwekwa na mkoko.

Boriti za mikoko, zilizokuwa zikiletwa Unguja kwa majahazi kutoka sehemu kama Rufiji na Lamu, ni ngumu, mchwa hawazipendi, na zikikaa pakavu humpita umri aliyezipandisha. Ila ni nyembamba. Ukiilaza boriti ya kawaida kutoka ukuta hadi ukuta kwa zaidi ya mita tatu hivi, ukaibebesha mawe na chokaa ya dari, huanza kubonyea katikati. Ndiyo maana chumba cha Mji Mkongwe kinaweza kurefuka apendavyo mwenye nyumba, lakini hakipanuki. Tajiri mwenye mashamba ya karafuu na muuza nguo wa Changa Bazaar walilala katika vyumba vya upana unaokaribiana. Tofauti ilikuwa urefu wa chumba, idadi ya ghorofa na nakshi ya mlango.

Kuta ni mawe ya matumbawe, mengi hayakuchongwa, yakashikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake ni nusu mita na zaidi. Chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayohayo: yalipangwa juu ya magogo kwenye tanuu, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, kisha chokaa ikaachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Mwashi aliyekuwa na haraka hakuwa na kazi mjini. Chokaa hukauka polepole kwa kunywa hewa, na ukuta ukijengwa mbio unajibonyeza kwa uzito wake wenyewe.

Kazi ya kutazamwa ilikuwa dari. Juu ya boriti zilizokaribiana vililazwa vibamba vya mawe, zikamwagwa kokoto na chokaa, halafu ikapigwa. Kupiga sakafu ilikuwa kazi ya kundi: watu wengi, kila mmoja na kigongo chake, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, siku baada ya siku mpaka chokaa ikashikana na maji yasipate njia. Dari ya namna hii ni nzito mno. Uzito huo wote hushuka kupitia ncha za boriti, zile sehemu fupi zilizozikwa ndani ya ukuta. Mtu akitaka kujua nyumba ya Mji Mkongwe ni nzima au ni mgonjwa, asitazame roshani. Aulize habari za ncha za boriti.

Hapa ndipo duka linapotofautiana na nyumba nyingine, na ni jambo ambalo wanaobadilisha maduka leo wanalipita haraka. Katika nyumba ya Kiarabu, vyumba virefu huzunguka ua, na boriti hutoka ukuta wa nje kwenda ukuta wa uani. Ukuta wa barabarani ndio unaobeba nyumba. Kwa hiyo una matundu machache, madirisha ya chini ni madogo, na mlango ni mmoja, mkubwa, wenye fremu ya mbao nzito. Duka la Kihindi mara nyingi hufuata kanuni nyingine. Kiwanja ni chembamba na kirefu. Kuta zinazobeba ni zile mbili za ubavuni, zinazotoka barabarani kwenda nyuma, na boriti hulala sambamba na njia, kutoka ubavu hadi ubavu. Ukuta wa mbele haubebi dari. Ndiyo sababu uliweza kuondolewa wote, mahali pake pakawekwa mbao tupu.

Mfanyabiashara wa Kigujarati aliitumia nafasi hiyo vizuri. Mlango wake una mbao zilizogawanywa miraba midogo, na unakunjika: asubuhi unarudishwa pembeni, duka zima likabaki wazi kwa njia, jioni unafungwa na kuachwa kilango kidogo ndani yake cha kupitia mtu mmoja. Sakafu ya duka iliinuliwa juu ya njia. Mwenye duka aliketi juu, mizigo ikimzunguka mahali mkono unapofika, na mteja alisimama chini, nje, akaagiza. Hakuingia. Duka halikuhitaji ukumbi, halikuhitaji taa nyingi, halikuhitaji hata upana zaidi ya ule wa boriti. Nyuma palikuwa na stoo na jiko. Juu familia ililala. Biashara ikishamiri, ghorofa ya pili iliongezwa juu ya kuta zilezile za ubavuni, kisha roshani ikatokezwa njiani. Nyumba nyingi tunazoziona zina historia ya namna hii ya kupanda kidogo kidogo, na ukitazama mstari ambapo mawe yanabadilika mkono unaweza kuhesabu vizazi. Na kwa kuwa ukuta wa ubavuni ulikuwa wa majirani wawili, kila upande ulilaza boriti zake humohumo. Ukuta mmoja, nyumba mbili.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wafanyabiashara wengi wakaondoka, na biashara ya kuagiza bidhaa ikashikwa na mashirika ya serikali. Fremu nyingi zikafungwa, nyingine zikawa vyumba vya kulala. Mapaa yalivuja na hakukuwa na wa kuyaziba. Miaka hiyo iliangusha nyumba kadhaa, lakini tuseme na upande wa pili: zilizosalia zilibaki na maumbile yake, maana hakuna aliyekuwa na saruji ya kuchezea. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na watalii wakaanza kuongezeka, ndipo milango ilipokunjuliwa tena, na ndipo mabadiliko ya kweli yalipoanza.

Badiliko kubwa kuliko yote halionekani kwenye picha. Mteja aliingia ndani. Mtalii hataki kusimama njiani akaelekeza kidole. Anataka kuzunguka, kushika, kupoa kidogo kwa kiyoyozi. Kutoka hapo mengine yote yanafuata kwa mantiki yake. Sakafu iliyoinuliwa ikashushwa ili aingie bila kukwea. Mlango wa kukunja ukaachwa kama pambo au ukaondolewa, ikaja aluminiamu na kioo, au mlango wa bati unaokunjwa juu. Bidhaa zilizobanwa ndani zikamwagika nje, zikatundikwa kwenye misumari iliyopigwa ukutani. Na mita tatu zikaonekana finyu.

Hapo ndipo mtu anapokodi fremu mbili zilizo jirani na kuamua kuziunganisha. Fundi anaitwa, anapewa wiki moja, anavunja ukuta wa kati. Ule ule unaobeba boriti za pande mbili, na juu yake ukuta wa ghorofa, na juu yake ukuta wa ghorofa nyingine. Fundi mzuri huegesha dari kwanza, akaweka bimu ya zege na nguzo. Hata huyo anaacha tatizo: uzito uliokuwa umetandazwa kwenye ukuta mzima sasa unashuka kwenye sehemu mbili ndogo, juu ya msingi wa mawe na udongo ambao haukuandaliwa kupokea mzigo wa namna hiyo. Nondo nazo, katika mji uliozungukwa na bahari pande tatu, hazina maisha marefu. Chuma kikipata kutu huvimba, zege likapasuka, hewa ya chumvi ikaingia zaidi. Bimu ya zege iliyomwagwa ovyo Mji Mkongwe huzeeka haraka kuliko boriti iliyoichukulia nafasi. Sisemi zege halifai. Nasema linahitaji mchanga usio na chumvi, kifuniko cha kutosha juu ya nondo, na mtu wa kusimamia, na vitatu hivi havipatikani katika kazi ya wiki moja inayofanyika usiku.

Kuna kosa dogo kwa sura lakini lenye madhara mapana zaidi, kwa kuwa liko karibu kila duka: lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Huyanywa kutoka ardhini, kutoka mvua ya masika, kutoka hewani. Zamani uliyanywa na kuyatoa, kwa sababu chokaa na niru, yaani chokaa laini ya kupaka juu, zilizoufunika zinapitisha unyevu kama kitambaa cha pamba juu ya mwili. Maji yalipofika usoni yalikauka, chumvi yake ikabaki kwenye niru, niru ikachubuka, ukapaka nyingine. Niru ilikuwa imewekwa pale ili iharibike yenyewe na jiwe lisalimike. Ukiziba kwa saruji, maji hayatoki. Yanapanda juu zaidi kutafuta njia, na chumvi inaganda nyuma ya lipu, ikiisukuma. Baada ya miaka michache lipu inabanduka bamba zima, na inapobanduka inaondoka na sehemu ya jiwe. Mpangaji anaona ukuta mbovu, anaongeza saruji. Nimeona maduka yaliyoshikilia tabaka juu ya tabaka hivyo, na kila tabaka likipanda mkono mmoja juu kuliko lililotangulia, likifukuzana na unyevu unaokwenda kutafuta boriti.

Unyevu ukizifikia ncha za boriti, mti uliohimili miaka mia huoza kwa muda mfupi. Na mara nyingi haupandi kutoka chini tu. Unashuka pia kutoka juu. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za nje ya mji. Nyumba zenyewe lakini zilikuwa zimebuniwa kwa maji ya kisima na ndoo, vyoo vikiwa sehemu moja maalumu. Leo nyumba ya wageni yenye vyumba sita inataka mabafu sita, kila moja juu ya dari ya chokaa, mabomba yakipita ndani ya kuta zilezile. Ongeza mrija wa kiyoyozi unaodondosha maji ukutani mchana kutwa. Mwenye duka la chini akiona doa la manjano kwenye dari, hupigilia mbao za kulificha.

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kibali kinahitajika kwa ujenzi, na Mamlaka imefanya kazi kubwa kulinda milango, roshani na urefu wa majengo. Hata hivyo, kwa maoni yangu ukaguzi umezoea kutazama uso. Mlango mpya wa kioo hugombewa. Bafu jipya juu ya duka hupita. Mlango mbaya unaweza kutolewa kesho na nyumba ikabaki, lakini bafu linalovuja halina subira hiyo. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoanguka Desemba 2020 na watu wawili wakafariki, ilionekana wazi kuwa uzuri wa sura hauizuii nyumba kuanguka.

Ujuzi wa chokaa haujafa. Ukarabati wa Dispensari ya zamani ya Mizingani katika miaka ya 1990, uliofanywa na taasisi ya Aga Khan, ulitumia ufundi wa asili na kufundisha mafundi. Kinachoishinda chokaa ni kodi. Lipu ya chokaa inataka wiki kadhaa kukauka tabaka kwa tabaka, na mpangaji anayelipa fremu ya Gizenga anahesabu kila siku mlango ulipofungwa. Saruji hukauka Jumapili akafungua Jumatatu. Isitoshe, mpangaji si mwenye nyumba. Majengo mengi yako chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana au serikali, mengine ni ya warithi waliotawanyika. Aliyelipa kilemba kuingia dukani hana sababu ya kutengeneza ukuta utakaomnufaisha mwingine, na aliye ghorofani hajui kwamba maji yake yanaishia dukani. Kumlaumu fundi peke yake ni kuonea mtu wa mwisho kwenye mstari.

Bidhaa ziachwe zibadilike. Soko lisilobadilika halilishi watu, na mtaa huu haukuwahi kuwa na bidhaa za aina moja kwa muda mrefu. Mlango wa kioo nao si mwisho wa dunia pale ambapo ukuta wa mbele haubebi kitu. Mamlaka ianzie ukaguzi wake bafuni na kwenye stoo ya nyuma kabla ya kuja mlangoni. Mwenye nyumba aweke katika mkataba wa fremu kwamba saruji haipakwi ukutani, na apunguze kodi ya wiki ambazo chokaa inakauka. Na wewe unayetaka kuunganisha fremu mbili, usiguse ukuta wa kati kabla mhandisi hajapanda ghorofani kuona boriti zimelala upande gani.