Leviathan ya Mastodon: Bahari Isiyo na Msimulizi

Albamu ya Leviathan, iliyotolewa mwaka 2004 na kundi la Mastodon la mjini Atlanta, Marekani, ilipokewa kwa shangwe. Majarida matatu ya muziki, Kerrang!, Revolver na Terrorizer, yaliichagua kuwa albamu bora ya mwaka huo. Sifa moja iliyosikika ni kwamba hevi metali, muziki ambao wengi huuona kuwa kelele tupu, umethubutu kujitwika riwaya nzito ya Herman Melville, Moby-Dick (1851). Sifa hiyo yahitaji kupimwa, kwani kukitaja kitabu si kukisoma.

Kwa upande wa maneno, albamu hii haisimulii kisa. Nyimbo kadhaa zamhusu Ahab na nyangumi wake. Nyingine zina uhusiano wa mbali, na mmoja umepewa jina la Megalodon, papa wa kale asiyehusika na safari ile. Aidha, maneno mengi hunguruma kooni kiasi kwamba msikilizaji asiye na maandishi mkononi hayapati. Lakini bahari imo. Imo katika ngoma za Brann Dailor, ambazo hazitulii katika pigo moja bali hufurika na kupwa. Imo pia katika "Hearts Alive", wimbo wa zaidi ya dakika 13, ambamo magitaa hupanda na kuporomoka mpaka chombo kizame. Hapo fani imebeba maudhui yaliyoyashinda maneno.

Jambo zito zaidi ni nafsi inayosema. Katika riwaya, Ishmael ndiye aliyeokoka, na sauti yake yenye mzaha ndiyo inayomwezesha msomaji kuutazama wazimu wa nahodha kwa mbali. Albamu haikumpa Ishmael nafasi hiyo. Chusa na kipaza sauti vyote amekabidhiwa Ahab. Wimbo mmoja hata umeitwa "I Am Ahab". Sifa za 2004 zililipita jambo hili upesi. Wahakiki wa 1851 walikuwa wakali zaidi: toleo la kwanza la London lilikosa hitimisho linaloeleza jinsi Ishmael alivyookoka, na baadhi yao wakauliza ni nani basi aliyesimulia, ikiwa wote wamekufa maji. Leviathan ni mrithi wa toleo hilo lenye kilema. Chombo kikishazama hakuna anenaye. Albamu hufungwa na "Joseph Merrick", kipande cha gitaa na kinanda kisicho na neno hata moja.