Ufundi wa Mzee Kitereza

Katika riwaya ya Aniceti Kitereza, Bugonoka amerudishwa kwao na baba yake kwa sababu ya maneno makali ya wakwe: ndoa haijapata mtoto. Mumewe, Myombekere, anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke. Mwandishi mwenye haraka angesema pombe ilipelekwa, basi. Kitereza anaifuata pombe hiyo tangu ndizi zinapovundikwa mpaka inapochacha, na haachi kumtaja jirani hata mmoja aliyesaidia.

Mtu aliyekulia kwenye migomba ya Rulenge au Nyakahura atazitambua hatua hizo. Anajua kwamba pombe ya ndizi haitaki pupa, na kwamba kaya isiyo na mwanamke hupata tabu kuandaa shughuli ya namna hiyo. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Kitereza. Haelezi kwa maneno makubwa jinsi Myombekere anavyompenda mkewe. Anaacha kazi yenyewe iseme, na kadiri inavyochukua siku ndivyo msomaji anavyouhisi upweke wa mume yule. Wapo wanaoziona kurasa hizo kuwa maelezo ya mila yaliyorefushwa. Mimi naziona ndizo riwaya yenyewe.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akakulia kisiwa cha Ukerewe, akasoma seminari ya Rubya, ambayo leo iko Muleba, hapa hapa Kagera. Huko alipata Kilatini na mafunzo ya kizungu, lakini aliporudi kisiwani aliandika kwa Kikerewe, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kizinza. Padri Almas Simard alimhimiza ayahifadhi maisha ya wazee. Mswada ulikamilika mwaka 1945.

Hakupatikana mchapishaji wa kitabu kinene cha lugha yenye wasomaji wachache. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti kutoka Marekani, walimshauri akifasiri kwa Kiswahili. Alikuwa mzee wa miaka 70 na ushei. Akakaa chini akaanza upya, sentensi kwa sentensi, akiihamishia kazi yake mwenyewe katika lugha nyingine. Kuandika riwaya ni kazi. Kuiandika mara ya pili uzeeni, bila hakika kwamba itachapwa, ni uvumilivu ambao sijui niulinganishe na upi. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, juzuu mbili. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Naomba basi wastaafu wa Ngara na Biharamulo wamsome wakiwa na kalamu. Muuguzi aliyezalisha kina mama usiku hospitalini Murgwanza, mwalimu aliyefundisha watoto wanaozungumza Kihangaza na Kishubi nyumbani, bwana shamba aliyezunguka migombani: kila mmoja ana kazi anayoijua hatua kwa hatua, ambayo mwandishi kijana wa mjini hawezi kuibuni. Usianze na nani atakuchapia. Chagua kazi moja ya mikono yako, mpe mhusika sababu ya kuifanya, kisha uiandike bila kuruka hatua. Ikikujia kwanza kwa Kihangaza, iandike kwa Kihangaza. Kiswahili utakifanya mwenyewe baadaye. Anza sasa, ungali na macho ya kusoma ulichokiandika.