Kilicho Wazi na Kilichofifia Katika Picha

Wengi wetu husifu picha kwa sababu moja tu: uso wa mtu umetoka safi, na nyuma yake kila kitu kimefifia kama ukungu. Picha ya namna hiyo hupendeza siku ya arusi au ya Komunyo ya Kwanza. Lakini je, kila picha inayopendeza yasema kweli yote?

Lensi ya mashine ya picha ina tundu la kuingizia mwanga. Tundu likifunguliwa sana, tuseme kwa namba 2, ni sehemu nyembamba tu inayotoka wazi, mbele kidogo na nyuma kidogo ya kitu tulichokilenga. Likifinywa hadi namba 16, sehemu hiyo huongezeka kina. Ila mwanga hupungua, na mashine yataka kutulizwa sana. Tena, kadiri tunavyomkaribia mtu, kina hicho hupungua. Simu za siku hizi, kwa udogo wa lensi zake, huonyesha karibu yote wazi. Ule ukungu wa nyuma mara nyingi hutiwa na programu.

Tutazame picha moja ya nchi yetu. Tarehe 14 Mei 1904, katika misioni ya Baringa, Alice Seeley Harris, mmisionari Mprotestanti kutoka Uingereza, alimpiga picha baba mmoja jina lake Nsala. Ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Baba aonekana kwa ubavu, na viungo vile viko mbele yake, karibu umbali ule ule kutoka kwenye lensi. Kwa hiyo vyote vyasomeka. Kama uso ungalitoka wazi peke yake, tungaliona huzuni bila kujua sababu yake. Picha kama hizo zilionyeshwa Ulaya, zikasaidia kuukomesha utawala wa Leopold II mwaka 1908.

Neno hili latuhusu sisi wa Gety. Mwaka 2006 maelfu ya watu walikimbilia hapa kwa sababu ya vita. Anayepiga picha ya mama mkimbizi na kuifuta kambi nyuma yake, atuachia machozi tu. Kibanda, sufuria tupu na majirani vimepotea. Watu watamhurumia, lakini hawatauliza nani alimfukuza kwake.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka picha iwe shahidi, rudi nyuma hatua mbili, finya tundu, uache mahali nako kuseme.