Sifa ya Washuao Chombo

Katika viunga vya Dar es Salaam, upande wa Kinondoni, ambako Kunduchi na Msasani zimeelekea bahari, ipo kazi ambayo macho yangu hayajapata kuichoka, nayo ni kushua chombo. Jahazi likisha kutiwa kalafati na kupakwa shahamu, fundi hungoja maji ya bamvua. Yakifika, watu hupanga magogo mchangani, hushika kamba, mmoja akaanza wimbo na wenziwe wakaupokea, na chombo kikaondoka shubiri kwa shubiri. Wenye dhamana kubwa, kwa nadhari yangu, ni vijana wawili wasiovuta kamba: huokota gogo lililoachwa nyuma ya tezi, hulikimbiza mpaka mbele ya omo, wakalilaza sawasawa, kwani likikaa upande mkuku huumia, na kazi ya miezi huharibika kwa dakika moja.

Niliposoma jinsi Wamarekani walivyoipeleka Apollo 11 mahali pa kurushiwa, tarehe 20 Mei 1969, nilistaajabu kuikuta hila ile ile. Roketi ya Saturn V, yenye kimo cha mita 110, ilichukuliwa ikiwa wima juu ya gari lenye mwendo usiozidi kilomita 1.6 kwa saa, ambao mzee mwenye mkongojo angeupita, katika njia ya kilomita zipatazo 5 na nusu iliyotandazwa kokoto za mtoni. Minyororo 8 ya gari hilo imeundwa kwa mabamba ya chuma, kila moja likikaribia tani 1. Bamba hulazwa mbele, hukanyagwa, huinuliwa nyuma, likarudi mbele tena. Ndiyo magogo ya Kunduchi! Na penye mwinuko wa kupandia jukwaani, mafundi walilisawazisha gari kwa majeki ili kilele cha roketi kisiinamie upande.

Mwambao wetu nao una ushahidi: kabla ya setilaiti ya Uhuru kurushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi yake haikuwa na budi kuvushwa maji hadi jukwaa la San Marco, lililosimama baharini kwa miguu ya chuma.

Dunia huwakumbuka wasafiri, nao wanastahili. Lakini Neil Armstrong na wenziwe wasingalifika mwezini lau mtu angalifanya pupa katika zile kilomita chache za nchi kavu. Ustadi huu hauna tarumbeta, na ujira wake mkubwa ni kwamba hakuna kilichoharibika. Basi, ewe msomaji, siku utakapoona jahazi jipya likielea Kunduchi na tanga lake limejaa upepo, kabla hujamsifu nahodha, geuka utazame mchangani: utawaona vijana wawili, magoti yamejaa mchanga, wakiyakusanya magogo ya kushulia chombo kingine.